Jinsi ya kuonyesha ute unavyoziba vijia vya hewa, kwa kapilari na glisirini

Hii ni kwa yeyote anayetaka kueleza kwa nini vijia vidogo vya hewa mapafuni huziba mtu anapomaliza kutoa pumzi. Nimemaliza tu kumsaidia mwanafunzi mmoja hapa Kisumu na michoro ubaoni haikuwa inaingia kabisa.

Vifaa: kapilari za hematokriti, yaani vimirija vyembamba vya kioo vya kupimia damu maabara (za alama ya bluu, hazina heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda), sirinji ya mililita 1, kampira ka kuunganisha, glisirini ya kemisti, rangi ya chakula. Mpira wa dripu achana nao, najua uko kila mahali lakini tundu lake ni pana, glisirini inatuama chini kabla mvutano wa uso (ile nguvu inayofanya uso wa kimiminika ujikaze) haujafanya kazi.

Hatua ya 1. Vuta glisirini yenye rangi ijaze theluthi ya kapilari, ilaze juu ya karatasi nyeupe.

Hatua ya 2. Endelea kuvuta, tone lisogee kuelekea sirinji na liache utando nyuma yake. Hapa ndipo masaa huisha. Kasi ya kuvuta ndiyo inaamua unene wa utando, na utando ukiwa chini ya takriban asilimia 12 ya nusu kipenyo cha tundu hauzibi, utafanya tu vinundu na kukaa hivyo hata ungoje mpaka jioni. Kwa glisirini safi kwenye chumba cha baridi unahitaji kupita kama milimita 2 kwa sekunde, lakini mchana wa Kisumu glisirini inalegea, vuta haraka zaidi, na kama ya kemisti imechanganywa maji ndio kabisa. Halafu tone likifupika linapata wepesi na kuanza kukimbia lenyewe, kwa hivyo legeza mkono mapema. Watu husema ute mzito ndio unaoziba, si hivyo: unene wa utando unaamua kama kutaziba, mnato, yaani huo uzito wa ute, unaamua kutachukua muda gani.

Hatua ya 3. Tazama. Vinundu vitatokea kila milimita 4 hivi (karibu mara 9 ya nusu kipenyo cha nafasi ya hewa iliyobaki), kimoja kitanenepa mpaka pap, kizibo. Mapafuni ukitoa pumzi kijia kinasinyaa huku ute ni uleule, kwa hivyo utando unanenepa ukilinganisha na tundu. Ukivuta pumzi vizibo vinafunguka, na ndio ile milio ya kupasukapasuka unayosikia kwa stethoskopu.

Hatua ya 4. Rudia ukiongeza tone la sabuni ya vyombo. Kuziba kunachelewa, kwa sababu mvutano wa uso umeshuka. Ila vuta polepole zaidi, sabuni inanenepesha utando na utakuwa unalinganisha vitu viwili tofauti. Mapafu yana safaktanti yake, kitu kinachoshusha mvutano wa uso kama sabuni, ya kufanya hii kazi; watafiti Avery na Mead walionyesha mwaka wa 1959 kwamba watoto wachanga waliofariki kwa shida ya kupumua walikuwa na upungufu wake.

Hatua ya 5, ukitaka. Glisirini haivutiki kama makohozi. Chemsha mrenda, chuja kwa kitambaa, tumia ule ute wake. Ukivuta sirinji kisha ukaachilia, tone linarudi nyuma kidogo, glisirini haifanyi hivyo. Kapilari iliyopita mrenda tupa tu, haioshiki.