Raha ya Usukani na Gharama za Gereji: Kuchagua Gari Lililotumika kwa Barabara za Mtwara na Lindi

Anayetafuta gari lililotumika huku Kusini hupewa ushauri wa aina moja popote anapouliza: chukua Toyota ndogo ya injini ya lita 1.5, halinywi mafuta, spea zake zipo kila duka, na siku ukilichoka utapata mnunuzi bila kuhangaika. Ushauri huo ni mzuri, ila haujibu haja ya mtu anayekwenda Dar es Salaam mara kwa mara, safari ya takribani kilomita 560 kutoka Mtwara mjini, ambaye kwake gari linalotulia kwenye kona na kuvuta vizuri linapolipita lori ni sehemu ya usalama wake na ya furaha yake. Raha ya kuendesha ina haki ya kuingizwa katika hesabu, mradi iwekewe bei, na bei yenyewe iwe ya mwaka mzima wa kulimiliki gari.

Hesabu ianze na barabara unazopita kwa kweli. Mtu wa Shangani au Mikindani ambaye siku zake nyingi ni nyumbani, ofisini na sokoni hatapata nafasi ya kuitumia injini ya silinda sita, na hata akitoka kwenda Lindi atakuta vijiji vimefuatana na vibao vya kilomita 50 kwa saa. Anayepanda Newala mara kwa mara ana sababu ya kutaka injini yenye nguvu, kwa kuwa gari dogo lililojaa watu na mizigo hulazimika kurudi gia za chini na kunguruma mlima mzima. Anayekwenda Liwale ana mahitaji mengine kabisa: huko ni vumbi na makorongo wakati wa kiangazi, tope wakati wa masika, na gari la chini lenye tairi nyembamba huwa mateso hata kama lami ilikuwa imeliheshimu. Andika safari zako za mwezi wa kawaida pamoja na hali ya kila barabara, kisha uangalie ni kilomita ngapi kati ya hizo ambazo gari zuri ungelifurahia.

Mafuta ndiyo rahisi kuyakadiria, kwa sababu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi, na mikoa ya Kusini hupangiwa bei kwa kuzingatia mafuta yanayopokelewa bandari ya Mtwara. Tuseme unaendesha kilomita 12,000 kwa mwaka na, kwa mfano tu, lita ya petroli ni shilingi 3,000. Toyota IST inayokwenda kilomita 15 kwa lita itatumia lita 800. Toyota Mark X ya lita 2.5 inayokwenda kilomita 9 kwa lita itatumia zaidi ya lita 1,330, na tofauti hiyo peke yake inafika shilingi milioni 1.6. Ongeza kiasi unachokisia kwa spea na ufundi, tuseme laki tisa zaidi ya zile ambazo IST ingekudai, na utakuwa umefika milioni mbili na nusu kwa mwaka, yaani kama laki mbili kila mwezi. Hiyo ndiyo bei ya raha. Kuna mtu atakayeilipa kwa moyo mweupe na kuna atakayeona ada ya mtoto ikiyeyuka, na wote wawili watakuwa wameamua sawasawa, maadamu wameijua kabla ya kutoa fedha.

Gharama ya spea inategemea sana jinsi gari lilivyoundwa. IST, pamoja na ndugu zake wenye injini ya 1NZ, hutumia cheni ya taimingi, ile inayoongoza valvu ziende sawa na pistoni, badala ya mkanda unaohitaji kubadilishwa, wana plagi nne zinazofikika kwa urahisi, na fundi yeyote wa Mtwara, Masasi au Nachingwea amewahi kuwafungua. Mark X ya kwanza yenye injini ya 4GR ni tamu sana barabarani, kwa kuwa inasukumwa na magurudumu ya nyuma na usukani wake unajibu vizuri, lakini injini yake hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta na masizi hujengeka juu yake kadiri miaka inavyokwenda. Subaru Forester ya matoleo ya zamani yenye tabo (turbo) inashika barabara kwa namna ambayo magari machache ya bei yake yanaweza, hasa kwenye changarawe. Hata hivyo mkanda wake wa taimingi unapaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika safarini valvu hugongana na pistoni, hapo injini nzima itashushwa. Kwa kuwa magurudumu yote manne huvuta, tairi zake zinatakiwa ziwe zimelika kwa kiwango kimoja. Jiwe moja la njia ya Liwale likichana tairi iliyokwishatumika nusu, unaweza kulazimika kununua nne. Jambo hilo wauzaji hawalisemi, nami naliona ni zito kuliko unywaji wa mafuta. Magari ya Ulaya yana raha yake, lakini sensa moja, yaani kifaa cha kupima hali ya injini, ikifa utasubiri iagizwe kutoka Dar es Salaam, na huenda huko nako isipatikane kwa siku nyingi. Kabla ya kununua gari la namna hiyo, mtafute kwanza fundi wa mjini kwako ambaye tayari anahudumia la aina ileile.

Nasisitiza jambo moja ambalo wanunuzi wengi hulipita. Magari mengi yanayouzwa sasa yamezidi miaka 15, na kwa umri huo bushi (mipira ya viungo vya suspensheni), shokapu na mipira ya injini imekwisha hata kama kilomita zinaonekana chache. Gari la michezo lenye bushi zilizochanika hupepesuka na kugonga kila shimo, wakati Toyota Spacio au Premio ya kawaida iliyofungwa shokapu mpya, bushi mpya na tairi nzuri, kisha ikapimwa uelekeo wa magurudumu, hutulia barabarani kiasi cha kumshangaza mwenyewe. Kwa mtu mwenye bajeti ya kubana ningependekeza anunue gari la kawaida lililo zima na kutenga fedha ya kurekebisha sehemu hizo, kwa sababu raha atakayoipata itadumu na gereji haitamwita kila mwezi.

Siku ya kulikagua gari, mwombe mwenye nalo asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti; likiwa la moto, rudi siku nyingine. Fungua kifuniko cha mafuta ya injini na utazame upande wa ndani: utandu mzito mweusi maana yake mafuta hayakubadilishwa kwa wakati. Geuza ufunguo bila kuwasha na uhakikishe taa ya injini kwenye dashibodi inawaka, kwa maana isipowaka kabisa, huenda imezimwa ili kuficha tatizo. Kisha washa na usikilize sekunde za mwanzo, ambapo cheni iliyolegea hukwaruza kabla mafuta hayajapanda, huku mwenzako akitazama kama moshi wa bluu unatoka nyuma. Ukiwa umekanyaga breki, hamisha gia kutoka D (mbele) kwenda R (nyuma). Ikichelewa kuingia au ikigonga kwa kishindo, gia boksi inaumwa.

Baada ya hapo lala chini ulitazame tumbo. Hewa yetu ya chumvi hula chuma polepole, na gari lililoegeshwa miaka mingi karibu na ufukwe huonyesha kutu kwenye mabomba ya breki, mikono ya suspensheni na kingo za chesisi, hata kama bodi imepigwa rangi ikang'aa. Kutu ya juujuu inasuguliwa. Chuma kinachomeguka kwa bisibisi ni sababu ya kuondoka.

Usinunue kwa haraka msimu wa korosho, minada inapoanza Oktoba na wenye fedha wengi wakaingia sokoni pamoja. Ukiridhika na gari, linganisha namba ya chesisi na ile ya kwenye kadi, hakiki kwa namba ya usajili kama lina deni la faini za barabarani, andikianeni mkataba wa mauziano mbele ya mwanasheria, kisha mbadilishe umiliki TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, bila kuchelewa. Katika wiki ya kwanza badilisha mafuta ya injini, ya gia boksi na ya breki pamoja na filta zote, na utunze tarehe na kilomita katika daftari litakalokaa garini. Spea ikikosekana hapa na ikabidi iagizwe Kariakoo, Dar es Salaam, mtumie muuzaji picha ya spea ya zamani pamoja na namba ya chesisi kabla hajaipakia kwenye basi, kwa maana spea isiyoingia itabidi irudi njia ileile na nauli ya mzigo utailipa wewe.