Kabla Hujaanza Kumfunza Mtoto wa Mbwa Mkaidi

Malalamiko huwa yale yale, uwe Kiamunyi au Lanet za Nakuru, au Milimani ya Kisumu. Mtoto wa mbwa ana miezi minne, anang'ang'ania pindo la sketi mama akifagia, ukimwita anakutazama kisha anaenda zake, na ukikaribia sahani yake ananguruma. Mwenye mbwa anaamua huyu ni mkaidi, basi anatafuta fimbo au anatafuta mtu wa kumfunza. Vyote viwili vinaweza kusubiri wiki moja. Katika wiki hiyo kuna mambo ya kutengeneza nyumbani, kwa sababu mbwa mwenye kichwa kigumu, hasa wa jamii za ulinzi kama German Shepherd, Rottweiler, Boerboel na machotara wao, hushika upesi sana jambo linalomfaidi. Akivuta sketi na watoto wakapiga mayowe na kukimbia, amefaidika. Akinguruma na mkono ukaondoka, amefaidika tena. Kwa hiyo kabla ya kumfundisha "keti", jua ni nani hapo nyumbani anayemfaidi na kwa njia gani.

Hata hivyo, anza kwa daktari wa mifugo. Mbwa anayeuma akishikwa huenda ana maumivu, na hakuna mafunzo yanayotibu maumivu. Mwambie daktari aangalie masikio, maana kupe hupenda kujificha mle ndani, na tumbo, kwa sababu ya minyoo. Ukiwa magharibi mwa Kenya, kwenye nyua za udongo mkavu na vumbi, shika kila mguu mwenyewe uangalie nyayo. Funza haingii kwa watu tu. Huonekana kama uvimbe mdogo mweupe wenye nukta nyeusi katikati, mara nyingi kati ya vidole au kando ya ukucha. Mbwa mwenye funza wanne kwenye mguu mmoja hatakubali uushike mguu huo, na atakayemchapa kwa hilo anamfundisha kuwa mkono wa mtu ni wa kuogopwa. Usimtoboe kwa pini, mwachie daktari. Wala usikimbilie agroveti kununua sindano umdunge mwenyewe kwa sababu jirani alifanya hivyo.

Chanjo ni sehemu ya maandalizi ya mafunzo, ingawa wengi huziweka kando. Zile za kuzuia parvo na distempa, magonjwa ya mbwa yanayosababishwa na virusi, huanza kwenye wiki ya 6 hadi ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka mbwa afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi 3 na kurudiwa kama daktari atakavyoelekeza. Hapa Kenya kuna mpango wa kitaifa, ulioanza 2014, wa kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia 2030, na karibu watu wote wanaoambukizwa ugonjwa huo huupata kwa mbwa. Mtoto wa mbwa anayefunzwa atachana mkono wa mtu, hilo halikwepeki. Kila mtu wa nyumba ajue la kufanya akiumwa na mbwa yeyote ambaye rekodi yake ya chanjo haijulikani: kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu.

Kuna mgongano hapa ambao lazima uamue mapema. Umri ambao mbwa huizoea dunia kwa urahisi zaidi ni kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, na ndio umri ambao hajamaliza chanjo, wakati virusi vya parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Watu wengi huchagua kumfungia. Ningekushauri umbebe. Mweke kwenye kikapu au umpakate, mkae kando ya steji ya bodaboda dakika kumi, asikie honi na aone mtu mwenye kofia ya pikipiki, mtu mwenye mwavuli, mtoto mwenye sare ya shule, mkokoteni wa maji. Miguu yake isiguse chini. Kama umempata akiwa na miezi mitano, hujachelewa kabisa ila utakwenda polepole zaidi na kwa mbali zaidi.

Najua utasikia kwamba mbwa akizoea watu hatalinda. Imani hiyo ndiyo imejaza mitaa yetu mbwa wanaoshinda kwenye kibanda cha mabati mchana kutwa nyuma ya lango lenye bango la Mbwa Kali, wanaobwekea upepo, na siku lango likiachwa wazi wanamuuma muuza maziwa au mpwa wako aliyekuja likizo. Mbwa anayeogopa kila kitu hana uwezo wa kuchagua nani ni mwizi. Nayo pilipili anayotiliwa kwenye chakula ili awe mkali humuunguza tumbo, basi.

Sasa watu wa nyumba. Hapa ndipo pana kazi, na wengi hupapita mbio. Nenda kwa anayeshinda na mbwa, ambaye mara nyingi si wewe unayetoka saa kumi na mbili asubuhi. Muulize dada wa kazi: "Dada, akikurukia huwa unafanyaje?" Atakujibu, "Namsukuma, lakini anafikiri tunacheza." Jibu hilo lina thamani kuliko ushauri mwingi utakaousoma, kwa kuwa limeshakuonyesha kwa nini anazidi kuruka. Waulize watoto pia, na usiwakaripie, la sivyo watakuficha kwamba humlisha chapati chini ya meza na kwamba mchezo wao mkubwa ni kumsukumizia paka wa jirani huku wakisema "shika, shika!" Muulize soja wa usiku. Huenda amekuwa akimchokoza kwa rungu kupitia wavu ili awe mkali, akidhani anakusaidia.

Ukishajua hayo, keti nao jioni moja mkubaliane maneno. Katika nyumba nyingi za Nakuru mbwa mmoja huamrishwa kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa lugha ya nyumbani, na "Bosco" anaitwa kwa sauti ya hasira mara ishirini kwa siku bila kuambiwa afanye nini. Chagueni maneno matano: njoo, keti, ngoja, acha, lala. Lugha yoyote ni sawa mradi iwe moja. Jina lake lisitumike kumgombeza, na neno "njoo" lisitumike kumwita aje achapwe, aogeshwe au afungwe. Ukitaka kumfunga, mfuate mwenyewe alipo. Kisha kubalianeni jambo moja zito: akiruka au akiuma pindo, kila mtu anasimama, anakunja mikono na kutazama pembeni. Akiweka miguu minne chini, anasifiwa hapo hapo na kupewa kitu, maana ukichelewa hatajua anasifiwa kwa lipi. Mgeni akija, mbwa awe kwenye kamba mpaka mgeni aketi. Mjomba atakayesema "mwache, mimi napenda mbwa" aambiwe kwa heshima kwamba mbwa yuko shuleni.

Majirani nao wamo. Kama ua wako ni wa kayaba, zunguka ukitambaa uangalie matundu ya chini, kwa sababu mbwa akishamkimbiza kuku wa jirani mara moja, mbio zenyewe ni utamu ambao vipande vya maini utakavyomzawadia havitaushinda. Kuna sehemu ambako mbwa muuaji wa kuku hatajadiliwa kwenye kikao, atawekewa sumu. Kwenye ploti za kupanga, ambako uwanja ni wa watu wote, zungumza na keateka kabla ya kumleta mbwa, si baada ya malalamiko ya tatu. Na kama unaishi Bondeni ya Nakuru, au Kaloleni ya Kisumu, au popote ulipo na majirani Waislamu, funzo la kutorukia watu liwe la kwanza kabisa. Mtu aliyetia udhu na kuvaa kanzu safi akielekea msikitini halazimiki kuelewa kwamba Bosco ana furaha tu. Mtembeze saa nyingine.

Vifaa ni vichache. Mkanda wa shingo unaopitisha vidole viwili, kamba ya mita mbili ya kutembea naye, na kamba ndefu nyepesi ya mita kumi hivi ya kumfundishia kuja, ili asipate kamwe nafasi ya kukupuuza na kutokomea. Mnyororo mzito wa kumfungia mchana mzima usiuhesabu kati ya vifaa. Mbwa mchanga anayefungwa kutwa hulimbikiza nguvu zote na kuzimwaga kwenye sketi ya mtu wa kwanza atakayemfungulia.

Kwa zawadi, omena wakavu wanatosha kabisa. Wanauzwa kila soko, mmoja ni tonge kamili, na harufu yake mbwa huipata hata ukiwa ng'ambo ya uwanja. Hakikisha hawana chumvi, na uwapunguze kwenye chakula chake cha siku asije akanenepa. Maini yaliyochemshwa na kukatwa vipande vidogo kama punje za mahindi yawekwe kwa mafunzo magumu tu. Mifupa ya kuku iliyopikwa, vitunguu na chokoleti visimfikie hata kidogo.

Atahitaji pia cha kutafuna. Meno ya utoto huanza kung'oka karibu na miezi 3 au 4, na yale ya kudumu hukamilika kwenye miezi 6 au 7. Kipindi chote hicho fizi zinamwasha, na sehemu kubwa ya kinachoitwa ukaidi ni huko kuwashwa. Karoti nzima iliyolala kwenye friji, au kitambaa kizito kilicholoweshwa na kugandishwa, humpoza, ila awe machoni pako akitafuna. Usimpe ndara kuukuu. Yeye hajui ipi ni kuukuu na ipi umeinunua jana. Na mpira wa makaratasi ya nailoni na nyuzi wanaotengeneza watoto ni mzuri kwa watoto, lakini nyuzi zikimezwa huziba matumbo.

Suala la kunguruma kwenye sahani lina maandalizi yake peke yake, na usilianze bila hayo. Mlishe kwenye kona ambayo watu hawapiti. Watoto wasimkaribie akila, hata kwa kumpapasa. Usimnyang'anye sahani "ili ajue nani mkubwa", kwa sababu atakachojua ni kwamba mkono ukija chakula kinaondoka. Badala yake, pita kwa mbali, mrushie kipande cha ini kando ya sahani, endelea na safari yako. Kesho yake hivyo hivyo. Mwili wake ukilegea na mkia ukianza kutikisika anapokuona ukija, sogea hatua moja. Na asipigwe kwa kunguruma. Kunguruma ni onyo, na mbwa aliyepigwa mpaka akaacha kuonya huuma kimya kimya. Kama tayari ameshauma mtu na kutoa damu kwa ajili ya chakula, hilo si la kujaribu mwenyewe, tafuta mtaalamu kupitia daktari wako wa mifugo.

Panga saa. Kisumu jua la mchana halifai: mbwa hujipoza zaidi kwa kuhema, na lami usiyoweza kuiwekea kiganja kwa sekunde chache inamuunguza nyayo. Asubuhi mapema na jioni zinatosha. Nakuru ya Juni na Julai ni baridi, naye mbwa anayetetemeka hasikii somo. Masomo yawe ya dakika tatu hadi tano, mara kadhaa kwa siku. Aachwe alale pia, kwani mbwa wa umri huo huweza kulala saa 18 kwa siku, na aliyenyimwa usingizi na watoto wa ploti huuma kila kitu.

Jiandae pia kuona mambo yakiharibika kwanza. Siku mtakapoanza kukunja mikono na kumpuuza, ataruka zaidi, atabweka zaidi, atauma kwa nguvu zaidi, kwa kuwa njia iliyokuwa ikimfaa imekataa ghafla na anaijaribu kwa bidii. Nyumba nyingi huvunjika moyo siku hizo. Mmoja akishindwa akamsukuma au akampa chapati anyamaze, mbwa amejifunza kwamba anachohitaji ni kung'ang'ana zaidi. Na baadaye, kuanzia kama miezi 6, ataingia ujana na kusahau hata "njoo" aliyokuwa akiijua. Itoe tena ile kamba ya mita kumi.

Ukiamua kumlipa mtu wa kumfunza, mwambie aje kwako, afanye kazi kwenye uwanja wako pamoja na dada, watoto na soja. Mtazame mikono. Anayetundika mbwa kwa mkanda mpaka miguu ya mbele inaning'inia, mshukuru na umfungulie lango.

Mwisho, nunua daftari la kurasa 48 ulitundike jikoni kwa kamba, na kalamu yake. Kila tukio liandikwe: saa, nani alikuwepo, nini kilitangulia, mbwa alifanya nini, na watu walifanya nini baadaye. "Saa kumi na moja na nusu, watoto wametoka shule, wamekimbia, ameuma soksi, wamecheka." Baada ya siku chache utaona kwamba karibu yote hutokea saa ile ile ya jioni, na kwamba asubuhi, akiwa na dada peke yake, mbwa huyu mkaidi hukaa kimya saa nzima. Basi mtoe matembezi saa kumi na moja, kabla lango halijafunguliwa kwa watoto.