Ukimkuta bulwe majini: namna ya kumwacha salama na namna ya kumjibu mvuvi anayesema ni mkosi

Hii naiandika kwa ndugu zangu mnaoishi karibu na maji hapa Uganda, na pia kwa nyinyi mnaopanga kuja Mabamba, kile kinamasi cha kando ya Ziwa Victoria, kumtazama bulwe (kwa Kiingereza shoebill), yule ndege wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu cha mbao, akisimama anamfika mtu kifuani. Duniani kote wakubwa waliobaki wanakadiriwa 3,300 mpaka 5,300 tu, yaani hata hawajazi uwanja mdogo wa mpira.

Anza na mvuvi kwanza, sheria itafuata. Wavuvi wengi huku walilelewa wakiambiwa ukikutana na bulwe asubuhi basi siku imeharibika, nyavu zitarudi tupu, ndo maana zamani akionekana tu anauawa. Mjomba wangu alikuwa akimwona anageuza mtumbwi anarudi nyumbani. Mtu kama huyo usimcheke wala usimwite mshamba, ukifanya hivyo umempoteza hapohapo, hatakusikiliza tena. Ongea nae habari za kamongo, yule samaki ambaye Waganda wanamwita mmamba (msomaji wa pwani usichanganye na mamba mwenye meno). Kamongo anavuta hewa, lazima apande juu kupumua, na bulwe analijua hilo vizuri, ndo anasimama kimya muda mrefu bila hata kutikisika akimngoja atoe kichwa. Sasa muulize mzee, huyu ndege anakula nini? Atakujibu mwenyewe, mmamba. Muulize tena, kwa hiyo atasimama mahali pasipo na mmamba anatafuta nini? Mjomba siku ile hakunijibu kitu, ila mtumbwi hageuzi tena.

Wala usidhani imani nzuri ingetosha kumlinda. Mabaharia wa zamani wa Ulaya waliamini albatrosi, yule ndege mkubwa wa bahari za kusini, anabeba roho za wenzao waliozama na kumuua ni kujitafutia balaa, na bado kuna waliomla wakashona mifuko ya tumbaku kwa ngozi ya miguu yake. Mpaka leo anazama na ndoano za meli za uvuvi, ikabidi nchi ziandikiane mkataba wa kumlinda ulioanza kazi 2004. Kwa hiyo sheria nayo ijue.

Kwetu ni Sheria ya Wanyamapori ya 2019. Inasema mnyama wa porini ni wa gavumenti kwa niaba ya wananchi, hata kama amesimama nyuma ya choo chako, na kumuwinda, kumshika au kumuuza bila kibali ni kosa. Kwa wanyama walio hatarini zaidi adhabu ya juu inafika kifungo cha maisha au faini ya shilingi bilioni 20. Bulwe yumo pia kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kumvusha mpaka bila karatasi huwezi. Na kinamasi chenyewe kinalindwa, Katiba ya 1995 inasema gavumenti inavishikilia kwa niaba ya watu wote, halafu ghuba ya Mabamba iko kwenye orodha ya Ramsar, ya vinamasi muhimu vya dunia, tangu 2006, kwa hiyo anayejaza udongo kwenye mafunjo usimwachie eti ni kiwanja chake.

Ukienda kumwona, toka asubuhi mapema na mtu wa hapohapo mwaloni, wengi wao ni wavuvi au watoto wa wavuvi na hela ya mtumbwi inabaki kijijini. Mkikaribia mafunjo zimeni injini mtumie upondo, ongeeni kwa sauti ya chini, akianza kugeuzageuza kichwa na kujikunja kama anataka kuruka rudini nyuma. Kuna watu wanamtupia kitu ili aruke wapate picha ya mabawa, jamani, hapo unamfukuza kwenye chakula chake na kama ana kiota jua linapiga mayai bila mtu wa kuyamwagia maji, maana wazazi hubeba maji mdomoni kuyapoza.

Akinaswa kwenye wavu, kata wavu, usivute bawa. Mfunike kichwa kwa shati atulie, na angalia huo mdomo, ncha yake ni ndoano inakata kweli. Akiwa mzima mwache aende, akiwa ameumia pigia simu UWA, yaani Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, au kile kituo cha wanyama cha Entebbe, kama huna namba mpitie chameni wa LC, yaani mwenyekiti wa kijiji.

Kinda ndo jambo la kuangalia sana. Bulwe hutaga mayai mawili hivi na kwa kawaida anayekua ni mmoja, kwa hiyo aliyebeba kinda mmoja amebeba uzazi wote wa mwaka wa wale wazazi. Mtu akikuletea kinda anauza usinunue hata kwa huruma, ukinunua kesho atarudi na mwingine. Kumbuka sura na mwalo, kisha piga simu. Na ukikiona kiota mwenyewe, piga picha ukitaka ukiwa mbali, ila kabla hujairusha kwenye magrupu ya WhatsApp zima lokesheni ya simu na usitaje ni upande gani wa ghuba.