Kabla hujaacha pombe ghafla

Anza na hesabu. Kwa wiki moja andika unachokunywa: aina, kiasi, saa. Kisha jijibu bila kujidanganya: unazimua, yaani unakunywa asubuhi ili kutuliza pombe ya jana? Kama mikono hutetemeka asubuhi hadi upate glasi ya kwanza, usiache ghafla ukiwa nyumbani. Peleka karatasi hiyo kwa daktari kwanza. Aliyewahi kuanguka kifafa alipojaribu kuacha asifikirie hata kujaribu peke yake.

Chupa zitoke ndani. Deni la kilabuni akalipe mtu mwingine. Ukienda mwenyewe utakaribishwa kiti.

Sasa siku tatu za mwanzo. Pombe hupooza ubongo, nao ukinywa kila siku hujiongezea kasi ili uhimili. Ukiiondoa kwa mkupuo, kasi inabaki bila breki. Saa 6 hadi 12 baada ya glasi ya mwisho huanza kutetemeka, jasho, kutapika, moyo kwenda mbio. Ndani ya saa 48 kifafa kinaweza kumwangusha hata asiyewahi kukiugua. Kati ya saa 48 na 72 kunaweza kuja kuweweseka. Hapa ndugu hukosea sana. Wamemfungia mnywaji chumbani Ijumaa jioni. Jumamosi anatiririka jasho, wanafurahi kwamba sumu inatoka. Jumatatu anafukuza wadudu wasiokuwepo ukutani na hamtambui mkewe. Kikao kinaamua karogwa, safari ni kwa mganga. Hiyo ni dharura ya hospitali, na isipotibiwa huua.

Hospitalini, ndugu ataje pombe bila kuona haya, maana matibabu yanategemea hilo. Dawa za kutuliza kama diazepam hutolewa mgonjwa akiangaliwa, zikipunguzwa kidogo kidogo kwa takriban wiki moja. Usijinunulie dukani: zikikutana na pombe zinaweza kuzima pumzi. Ulizia pia vitamini B1, yaani thiamini, itangulie dripu ya glukosi au ziende pamoja. Mnywaji asiyekula vizuri huwa ameishiwa nayo, na sukari humaliza kiasi kidogo kilichobaki. Macho yanacheza, miguu inayumba, na kumbukumbu inaweza kupotea isirudi.

Disulfiramu, ile dawa ya kumfanya mtu augue akinywa, asiwekewe kwa siri kwenye mchuzi. Nia ya mke inaweza kuwa njema, lakini mume akipitia baa, presha inaweza kushuka na moyo kuyumba. Humezwa kwa hiari, angalau saa 12 baada ya kinywaji cha mwisho, na nguvu yake inaweza kudumu hadi siku 14 baada ya kidonge cha mwisho. Hata dawa ya kikohozi yenye alkoholi ni tatizo.

Na kupona? Kutoka wodini ukiwa hutetemeki ni mwili tu kusafishika. Wataalamu wa afya ya akili huhesabu nafuu ya awali baada ya miezi 3 bila dalili za uraibu, na nafuu ya kudumu baada ya miezi 12. Hamu yenyewe inaweza kubaki. Kwa aliyewahi kuzimua, bia mbili za harusini si kipimo cha kupona. Ukiteleza, kumbuka mwili umesahau dozi ya zamani, kwa hiyo ile chupa nzima inaweza kukumaliza. Na kama kuteleza kumekuwa kunywa kila siku, rudi kwa daktari kabla ya kuacha tena, kwa sababu arosto, yaani mateso ya mwili ukikosa pombe, ya mara ya pili au ya tatu inaweza kuwa kali kuliko ya kwanza.