Kufunga flanji ya bomba la maji: gasketi kwanza, spana baadaye

Wadau, leo tuchukue flanji (sahani ya chuma yenye matundu ya bolti kwenye ncha ya bomba) ya inchi 4 (DN100, yaani kipimo cha bomba, na PN16, yaani daraja la presha), bolti 8 za M16 (unene milimita 16), pale bomba linapokutana na valvu ya pampu.

1. Sugua nyuso zote mbili za flanji kwa brashi ya waya mpaka mabaki ya gasketi ya zamani (kile kipande bapa kinachokaa kati ya flanji kuzuia maji) yaishe. Pitisha ukucha taratibu. Mkwaruzo unaokata kutoka ndani kwenda nje ndiyo njia ya maji.

2. Sogeza bomba mpaka matundu yatazamane yenyewe. Bolti isivute bomba! Niliwahi kulazimisha, flanji ya valvu ya kasti (chuma cha kumimina) ikapasuka kwa mlio mmoja, mtaa ukalala bila maji. Hadi leo naumia nikikumbuka.

3. Tia bolti za chini kwanza, gasketi ipate pa kukaa. Iwe mpya, na iwe moja tu. Kwa flanji za kasti zenye uso bapa, tumia gasketi ya uso mzima yenye matundu ya bolti. Ile ya pete huacha uwazi pembeni, ukikaza flanji inapinda na kasti haipindi, inavunjika. Grisi paka kwenye thredi na chini ya nati. Gasketi ibaki kavu.

4. Kaza nati zote kwa mkono, kisha ziandike namba kwa chaki, 1 hadi 8 kwa kuzunguka. Sasa vuka: 1, 5, 3, 7, 2, 6, 4, 8. Jedwali la mtengenezaji likisema Nm 100 (nyutonmita, kipimo cha nguvu ya kukaza), awamu ya kwanza 30, ya pili 70, ya tatu 100. Malizia kwa kuzunguka moja baada ya nyingine kwa 100 hiyohiyo, hadi nati zote zigome.

Maswali ya wanachama

Fundi, sina toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza).
Kaza robo mzunguko kila nati, kwa kuvuka vilevile, ukipima mwanya kati ya flanji mbili pande nne. Usirefushe spana kwa kipande cha bomba.

Naweza kupaka silikoni kwenye gasketi ya mpira?
Hapana, kaka. Mpira unashikwa na msuguano. Ukiutelezesha, presha inausukuma nje.

Nilifunga jioni, asubuhi inadondosha.
Mpira hulegea kidogo baada ya kubanwa. Zima pampu, toa presha yote, rudia mzunguko wa mwisho. Ikikataa, fungua, weka gasketi mpya, na pale tone lilipotokea pitisha tena ukucha.