Balbu Iliwaka, Nami Nikaanguka: Kujiandaa kwa Mtihani wa Fundi Stima

Kama umevuta waya kwenye mijengo ya Kondele na Mamboleo, mitaa ya Kisumu, miaka minne na huna cheti hata kimoja, keti hapa. Nami nilikuwa hivyo. Nilianza kama mtu wa mkono kwa mjomba wangu, nikichimba kuta kwa patasi na nyundo, hadi siku nilipoulizwa karatasi mahali fulani pa kazi nikabaki nakuna kichwa.

Kwanza tutenganishe vyeti, maana vijana hulipia kisichowafaa. Mtihani wa fundi, ule tunaouita tredi testi, ni wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, nayo ina kituo hapa Kisumu. Wazee wana vyeti vya iliyokuwa Idara ya Mafunzo ya Viwanda. Vya kabla NITA haijaundwa kwa sheria ya 2011. Ngazi ni tatu na huhesabiwa kinyume: unaanzia Gredi ya 3, kilele ni Gredi ya 1. Ulijifunzia chuoni au chini ya mwembe, si neno. Wanafunzi wa vyuo vya ufundi wana mitihani ya KNEC, baraza la mitihani la taifa, au tathmini za CDACC, baraza la mitaala na tathmini za ufundi, ambazo hutoki na alama ya A au B, unaambiwa kama umekuwa mahiri au bado. Na usisahau: cheti si leseni. Ya kufunga stima kwenye nyumba za watu hutolewa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, na ina maombi yake yenyewe.

Tredi testi ina nadharia na vitendo. Nadharia huwaangusha watu wa mjengo kwa sababu kazini tunajibu kwa mkato. "Shawa ya moto? Weka waya mnene." Kwenye karatasi jibu hilo ni sifuri. Mtahini anataka kuona wati gawanya kwa volti: shawa ya wati 5,000 kwenye volti 240 inavuta karibu ampea 21, kwa hiyo waya wa taa wa milimita za mraba 1.5 unaweza kuungua. Andika kanuni, weka tarakimu, kisha jibu pamoja na kipimo chake. Nilifanya mazoezi kwa vitu vya jikoni. Birika la wati 2,000 linavuta kama ampea 8.3, ndiyo maana plagi yake ina fyuzi ya 13.

Sasa vitendo, palipoungulia mboga yangu.

Nilipewa ubao, mchoro, na kazi ya taa moja yenye swichi mbili, kama ile ya ngazi: unawasha chini, unazima juu. Kazi ya kufumba macho! Nilimaliza kabla ya wote, balbu ikaitika kila swichi, nikamwita mtahini nikitabasamu. Hata hakuitazama balbu. Alifungua swichi, akauvuta waya mmoja kwa ncha ya bisibisi, akauliza, "Huu ni upi?"

Ulikuwa mweusi. Nilikuwa nimepitisha nyutro, waya wa kurudi, kwenye swichi, na laivu, ule unaoleta moto, ikaenda moja kwa moja hadi kwenye holda. Balbu huwaka vilevile, usidanganyike. Lakini ukizima, holda bado ina moto, na mama wa watu anayebadilisha balbu gizani ndiye atakayejua. Jioni ile makanga alininyima chenji, wala sikubishana naye.

Kwa hiyo zoea mpangilio huu hadi mikono iushike. Soma mchoro mara mbili na uandike rangi pembeni: laivu na nyutro ni nyekundu na nyeusi za zamani, au kahawia na bluu za sasa, kijani yenye mstari wa manjano ni ya ethi siku zote. Kata ganda la waya kiasi tu cha kuingia kwenye skrubu. Shaba ikichungulia nje, alama zinaondoka. Kabla ya moto wowote, pima kama waya umeshikana mwisho hadi mwisho, kisha kama laivu ndiyo iliyopita kwenye swichi, kisha insuleshoni, yaani ganda linalozuia stima isivuje, kwa mita ya volti 500. Ukisoma chini ya megaomu 1, tafuta kosa. Balbu zitoe kwanza, la sivyo mita itapima balbu, nawe utafungua ubao mzima bure. Usiwashe mpaka mtahini aseme. Na tafadhali, njoo na viatu vilivyofungwa; wapo wanaokuja na pata-pata.

Mara ya pili nilikuwa wa mwisho kasoro mmoja kumaliza. Mtahini akafungua swichi, akauvuta waya. Mwekundu. Akaurudisha, akakaza skrubu, akaenda kwa ubao wa jirani.