Kuchagua simu ya picha na miziki, na ile kadi ya memori iliyonila siku mbili

Jana nilishinda na shangazi yangu wa Bombo, ameuza mbuzi anataka simu ya kupiga picha kwenye harusi ya binti yake na kusikiliza taarabu akipika. Kila mara kuna mtu ananiuliza hayahaya, basi naandika moja kwa moja.

1. Dukani. Ukiingia zile plaza za mjini Kampala muuzaji anaanza na megapikseli (hesabu ya vidoti vinavyojenga picha), mwache aongee. Kamera nyingi za 48 au 50 zinaunganisha pikseli nne kuwa moja, picha inatoka ya 12 hivi. Ile kamera ya megapikseli 2 pembeni ni pambo tu. Mpige picha muuzaji mwenyewe pale penye kigiza, alafu vuta usoni: nyusi zinaonekana au zimekuwa uji? Mimi nataka tundu la erfoni na tundu la kadi ya memori, basi. iPhone na Pixel zinapiga picha tamu lakini kadi haziingizi, kwa mtu wa miziki siziafiki.

2. Piga *#06#, itatokea IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ilingane na ya kwenye boksi. Haijalingana, ondoka.

3. Kadi. Hapa ndo penye kilio. Mwaka jana nilinunua kadi ya 256GB kwa bei ya ile ya 32, nikajiona mjanja. Simu ikaisoma 256 bila neno. Nikaenda nayo kwenye nikahi ya jirani, picha za asubuhi zipo, za jioni nusu kijivu nusu hazifunguki, nyimbo majina unayaona lakini ukigusa kimya. Siku mbili nafomati, nabadilisha kadi rida, nalaumu simu, kumbe ndani kuna 8GB tu na chipu imefundishwa kudanganya. Ikishajaa ile 8, vinavyofuata vinapotea au vinaandikwa juu ya vya zamani, ila majina yanabaki maana orodha ya mafaili inakaa mwanzoni mwa kadi. Ndo maana kufomati hakusaidii chochote.

Kwa hiyo kadi mpya ipime ikiwa tupu, kabla hujaweka kitu. Kwenye Windows kuna programu ya H2testw, kwenye Linux kuna F3, zote bure, zinaijaza kadi yote alafu zinaisoma upya. Ya 128GB inaweza kula masaa matatu au zaidi, laptop iwe na chaji maana umeme wetu unaujua. Huna laptop? Kopi video moja kubwa mara nyingi mpaka kadi ijae, zima simu uwashe, alafu fungua ya mwisho na ya kwanza, zote mbili, usifungue moja ukaridhika. Na simu ikikuuliza kama kadi iwe sehemu ya memori ya ndani, KATAA. Ukikubali inafungwa na simu hiyo, siku simu ikifa, kadi haisomeki popote.

4. Miziki. MP3 ya 320kbps, ile ya ubora wa juu, inakula kama 2.4MB kwa dakika, basi 32GB inabeba nyimbo za dakika nne karibu 3,000. Chomeka kebo, chagua kuhamisha mafaili. Laptop isipoiona simu, huenda kebo yako ni ya kuchaji tu, tafuta nyingine.

5. Picha. Futa lenzi kwanza, ya shangazi ilikuwa na mafuta ya samli. Saa sita mchana jua letu linapiga utosini, macho yanakuwa mashimo, wapeleke watu kivulini barazani. Gusa uso kwenye skrini, gomesi (lile gauni la sherehe) ikiwaka sana shusha mwanga kidogo. Ile setingi ya kurembesha uso zima kabisa, inampausha mtu mpaka mama yake amkatae. Kutuma WhatsApp tuma kama dokumenti, la sivyo picha inabanwa, ubora unapungua.

Kadi ya shangazi bado inapimwa, imefika asilimia 61.